Wifi Alikalia Friza

Siku ya arobaini ya kaka yako
ulihesabu vijiko.
Nilikuona, Havijawa, kwenye upenyo wa pazia,
midomo ikicheza: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne,
ukarudia tangu moja.
Nikasema moyoni, haya, leo vijiko,
kesho kitanda, keshokutwa bati la juu.
Ukaondoka na kapu lako bila kuniaga.
Nami sikukuita.

Nilibaki Keko na Rukaiya,
na mama yako, aliyekwisha pooza upande wa kulia,
na friza.

Friza ile unaijua. Shomari aliileta kwa guta toka Kariakoo,
mlango wake haufungi mpaka uukandamize kwa tofali.
Humo niligandisha ubuyu na ukwaju,
humo ililala ada ya mtoto,
na kodi, na vidonge vya presha vya mama yako.
Lakini barafu haina subira.
Umeme ukikatika siku mbili
ni maji mekundu yanayotafuta mlango,
na watoto wa shule wanapita na mia zao mkononi.

Ndipo nikaenda kwa kausha damu.
Laki tatu. Rejesho elfu nane kila jioni.
Dole gumba hapa. Mdhamini huna? Andika friza.
Nikarejesha. Nikauza pete, nikarejesha.
Tukanywa uji wa chumvi, nikarejesha.
Mwezi wa tatu nikazima simu.

Wakaja Jumatano, wanaume watatu,
mmoja anatafuna jojo.
Majirani wakatoka kuanua nguo
ambazo bado zilikuwa zinadondosha maji.

Nani alikupigia? Si mimi.
Mama yako, kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja.
Na tangu apooze unajua hana neno ila moja,
jina la mwanawe aliyelala Kisutu.
Sijui ulisikia nini huko Mbagala.
Shomari. Shomari. Shomari.
Ukaelewa, basi.

Ulishuka kwenye bodaboda na ndara moja,
unga wa maandazi umekupanda hadi viwiko.
Hukunisalimu.
Ukawapita kama mtu anayewahi chungu kisifurike,
ukatupa tofali chini,
ukaikalia friza.

"Shuka, mama."
"Nibebeni nayo."

Wakajaribu! Wifi, walijaribu,
friza na ubuyu wake na wewe na hasira zako zote.
Hatua mbili. Mwenye jojo akashika kiuno,
mtu mmoja uani akacheka,
nami kabla sijafikiri nilikuwa nimepanda,
bega langu kwenye bega lako,
baridi ikitupanda kutoka chini kama habari mbaya.
Mama yako mlangoni akasema, Shomari,
safari hii kwa sauti ya mtu anayetoa amri.

"Ijumaa," wakasema.

Deni halikufa. Nisidanganye.
Ijumaa walikuja, tukawapa elfu sita,
wakatutukana, wakaandika.
Sasa unalala hapa, wewe ukutani, Rukaiya katikati,
saa tisa usiku unakanda, mimi nafunga barafu,
na tunagombana kuhusu chumvi, taa, na nani amemwosha mama.

Jana tu ndiyo ukaniambia.
Vijiko vya arobaini vilikuwa vya kukodi,
kwa jina lako, kumi na tano,
na kimoja kilipotea.
Ulilipa. Ulitembea toka Keko hadi Mbagala kwa miguu
kwa sababu ya kijiko.

Nilinyamaza, nikajifanya nimesinzia.
Kipo, wifi.
Kipo ndani ya kopo la sukari ya ubuyu,
ndicho ninachopimia tangu mwaka jana.
Kesho nitakuwekea chai,
nitakikoroga humo mbele ya macho yako,
kisha unitukane vizuri,
nimekustahilia.